Mtu wako akikuletea imeili ya urithi, usianze kucheka

Nina duka la steshenari hapa Moshi, sio mbali na stendi kuu, natoa kopi, naprinti, naskani, na wale ambao simu zao ni za tochi nawafungulia imeili kwenye kompyuta ya dukani. Kazi hii unaona karatasi za watu mpaka unazizoea, hati za mashamba, barua za usaili, matokeo ya watoto. Na barua za urithi. Hizo nimeziprinti nyingi sana, na leo nataka niseme kitu kuhusu sisi tunaoonyeshwa hizo barua, maana kuhusu matapeli wenyewe watu wameshasema vya kutosha.

Barua yenyewe wengi mnaijua. Mtu anajiita wakili au meneja wa benki huko nje, anasema mteja wake kafa kwenye ajali, kaacha mamilioni ya dola, hana mtoto wala ndugu, ila jina la ukoo ni kama lako, kwa hiyo usimame kama mrithi halafu mgawane. Sasa huku Kilimanjaro fikiria, Massawe wako wangapi? Mushi, Mosha, Lyimo? Na karibu kila ukoo una mtu aliyeondoka zamani akapotelea huko duniani, wengine meli, wengine masomo, hakurudi wala hakuandika. Yule tapeli katuma barua hiyohiyo kwa maelfu ya watu, hajui lolote, lakini ikitua kwenye nyumba yenye ndugu aliyepotea inaonekana kama imeandikwa kwa ajili ya ile nyumba tu.

Ukishajibu ndio zinaanza ada. Ada ya wakili, kodi, cheti cha kuthibitisha hela sio ya ugaidi (hicho cheti nimekiprinti zaidi ya mara moja na hakipo popote duniani), na kila ada ni ya mwisho, ukilipa inazaliwa nyingine. Wanaita 419, ni kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kuhusu kujipatia mali kwa udanganyifu, ila msifikiri ni mchezo wa nchi moja wala wa intaneti, Ulaya karne ya 19 watu walikuwa wanapokea barua za kalamu kuhusu tajiri aliyefungwa Hispania, toa hela kidogo atoke atakulipa mara dufu.

Mara ya kwanza nilikosea. Mama mmoja mtu mzima alikuja kuprinti fomu ya hivyo, nikaisoma nikamwambia palepale kwa sauti, mama hawa matapeli, achana nao. Dukani kulikuwa na vijana wa chuo wanasubiri kopi wakaangua kicheko, mmoja akasema bado kuna watu wanaliwa na hizi? Yule mama alichukua karatasi zake akaondoka bila kusema neno na hakurudi tena. Baadaye nikasikia kwa jirani yake kwamba alituma hela mara mbili zaidi baada ya siku ile. Imeniuma mpaka leo, maana nilikuwa na ukweli wote mkononi na haukumsaidia kitu, aliona bora aendelee aje atuonyeshe hela kuliko akubali kwamba tulimcheka kwa haki.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aibu ndio inamfanyia tapeli kazi. Mtu ameshatuma milioni moja, hajamwambia mume, watoto wala mchungaji, mtu pekee anayeongea naye hilo jambo ni tapeli, na tapeli anamuita mpendwa, anamuombea, anamjibu usiku wa manane. Sisi tukimcheka tunamsukuma kulekule.

Na tusiseme wanaoliwa ni wajinga. Kati ya mwaka 1995 na 1998 mkurugenzi wa Banco Noroeste, benki ya Brazili, alitolewa hela za benki kama dola milioni 242 akiaminishwa anawekeza kwenye uwanja mpya wa ndege Abuja, uwanja ambao haukuwepo. Huyo ni mtu wa benki. Hiki kisa nakisimulia sana dukani na nimeona kinavyomshusha mtu mabega, anajua hayuko peke yake.

Mwaka jana akaja mzee kutoka Kibosho. Shikamoo, marahaba mwanangu, akatoa bahasha ya kaki, anataka kopi za rangi kwa sababu wakili kamwambia mhuri uonekane vizuri. Nikauangalia ule mhuri, una kiboksi cheupe pembeni, umekatwa mahali ukabandikwa, na jina lake limeandikwa kwa herufi tofauti na maandishi mengine yote. Safari hii sikusema kitu. Nilimpa kiti, nikasubiri wateja waishe, nikamuuliza, mzee wangu, umeshatuma chochote? Akasema hapana. Nikatoa kopi moja, taratibu. Akasema, kidogo. Ilikuwa dola 450, aliuza ng'ombe.

Nikamuuliza swali moja, mzee ukipeleka kahawa chama cha msingi, makato wanakata wapi? Akasema kwenye malipo. Wamewahi kukwambia leta kwanza hela mfukoni mwako ndio tukulipe kahawa yako? Akanyamaza. Hawa wana hela yako, mamilioni ya dola, kwa nini ada yao wasikate humohumo?

Alikaa muda mrefu anaikunja ile karatasi na kuikunjua. Halafu akaniuliza, sasa baba mdogo hajafa?

Mimi nilidhani tunaongea habari ya hela. Kumbe baba yake mdogo aliondoka miaka ya sabini, na ile barua ndio ilikuwa taarifa ya kwanza ya kwake tangu hapo, nyumbani walishaanza kuambizana kafariki, walishalia. Nikamwambia hao watu hawamjui baba mdogo, hawajui kama yupo au hayupo. Machozi yalimtoka. Kwa hiyo ndugu zangu, mtu akikuletea hizi barua muulize pia alichotarajia, maana ukimnyang'anya bila kuuliza hujui umemnyang'anya nini.

Vijana wanapenda kuwajibu matapeli kwa utani, dukani kwangu nimekataza. Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, aliandika mwaka 2012 kwamba ile barua inatungwa kizembe makusudi ili wenye mashaka wajichuje wenyewe wabaki wa kuamini. Ukijibu umewathibitishia tu kwamba anwani ina mtu, na imeili kama ni ya familia basi zitakazofuata atazisoma mama yako. Futa. Zile meseji za simu, "ile hela tuma kwenye namba hii", hizo fowadi kwenda 15040, ni namba ya kuripoti matapeli.

Kama mtu ameshatuma, usifute kitu. Printi kila imeili, kila risiti ya wakala, nendeni polisi pamoja, tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015. Sitawadanganya, hela ya yule mzee haijarudi mpaka leo. Lakini nenda naye, usimtume peke yake akajieleze kaunta mbele ya watu. Mimi nilifunga duka nusu siku.

Na jiandaeni na wimbi la pili, ndilo baya zaidi. Mtu aliyelipa jina lake linabaki kwenye orodha. Kama wiki tatu baadaye mzee aliletewa imeili nyingine, safari hii eti ni polisi wa kimataifa, wamemkamata yule wakili, hela yake yote ipo, alipe dola 200 za kuifungulia. Alikuja siku hiyohiyo na daladala ya asubuhi, nilikuwa bado nafagia. Hakuficha, hakusubiri wateja waishe, alinipa simu ya mjukuu wake akasema mwanangu, wamerudi. Tukaiprinti, akaiweka mwenyewe kwenye ile bahasha ya kaki nyuma ya zile nyingine, tukaenda kuipeleka polisi.