Unaanzia mtaani unautaka udiwani, ikibidi na umeya? Soma kwanza

Vijana wengi wananiuliza inakuaje mtu anatoka kwenye kujitolea mtaani mpaka anakua diwani, na wengine wanaota umeya kabisa. Mimi nimekaa kwenye kamati ya mtaa hapa Dar, nimewabebea madiwani mafaili, nimekaa viti vya nyuma kwenye baraza nikisikiliza, kwaiyo ntasema ninachokijua.

Cha kwanza, kila ngazi ina mpiga kura wake. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na wakazi wenyewe, mara ya mwisho ilikua tarehe 27 Novemba 2024, na hapo kama we ni mtu wa misiba, mitaro na ulinzi shirikishi kura zinakufuata. Udiwani sasa ni habari nyingine, sheria zetu hazina mgombea binafsi, kama ilivyo hata mtaani lazima upitie chama, ila huku kabla hujamfikia mwananchi unakutana na wajumbe, wale wanachama wanaopiga kura za maoni kuchuja wagombea ndani ya chama. Mwaka 2020 baada ya kura za maoni za CCM nchi nzima ilikua inasema "wajumbe sio watu wazuri", tukacheka sana, ila mi nilimuona jamaa kazibua mitaro na vijana msimu mzima wa mvua, kila mama ntilie wa kata anamjua, ila kadi ya chama kaichukua juzi na hata katibu wa tawi hajui anakaa wapi, akaishia kupata kura za kuhesabu kwa vidole. Akasema kaibiwa. Inawezekana, hela zinatembea jamani tusidanganyane, ila hata zisingetembea wale wajumbe walikua hawamjui.

Umeya ndo kabisa, mwananchi hapigi hiyo kura. Lazima kwanza uwe diwani, alafu wenzako wa kwenye baraza ndo wanakuchagua. Angalia Isaya Mwita, diwani wa Vijibweni kwa Chadema, akawa meya wa Jiji la Dar es Salaam la zamani Machi 2016 baada ya uchaguzi kuahirishwa mara kadhaa, Januari 2020 akang'olewa kwenye baraza hilohilo kwa kura ambazo zenyewe zilikua na ubishi mkubwa. Mkazi wa Kimara au Buza hakuulizwa mara zote mbili. Au Omary Kumbilamoto wa Vingunguti, alikua naibu meya Ilala akiwa CUF, 2018 akahamia CCM, akaja kua meya, na Februari 2021 Ilala ilipopandishwa kua Jiji la Dar es Salaam akawa meya wa Jiji. Kuhama kwake watu wanabishana mpaka leo, mi siingii huko, ninachotaka uone ni kwamba hesabu za umeya zinapigwa kwa wenzako wa kwenye baraza, kwaiyo usije ukawadharau madiwani wa kata za pembeni.

Sasa kazi ya mtaani inakusaidia nini? Inakufundisha mfumo, ukikubali kufundishwa. Kaa karibu na mtendaji wa kata, jua Kamati ya Maendeleo ya Kata inavyoenda, ile diwani ndo mwenyekiti na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, sasa we ukileta hoja ya kalvati mwezi wa tano unakuta bajeti ishapita na utasubiri mwaka mwingine huku watu wanakuona muongo. Na mikopo ya asilimia 10, ile halmashauri inayoitenga kwenye mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi, hapa ndo pazuri kuliko pote na vijana hawapaoni: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na vikundi vingi vinakwama kwenye vitu vidogo tu, katiba ya kikundi haijaandikwa vizuri, akaunti hakuna, usajili haujaenda kwa afisa maendeleo ya jamii. We kaa na akina mama wa kikundi mnyooshe makaratasi yao mpaka pesa itoke, hawatakusahau, na nusu ya hao utakuja kuwakuta kwenye mikutano ya chama.

Uenyekiti wa mtaa hauna mshahara, ni posho tu na zenyewe za kubahatisha, so kua na kazi yako nyingine. Usipokua nayo muhuri utaanza kukutongoza, kila barua ya utambulisho unataka "ya soda", na mtaa unaongea.

Alafu ahadi, punguza. Pesa za halmashauri anazisimamia mkurugenzi, ambaye hajachaguliwa na mtu, kateuliwa na Rais, meya anaongoza vikao. Barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, maji DAWASA, umeme TANESCO. Ukisimama jukwaani ukaahidi vyote hivyo unaahidi kazi za ofisi za watu, sema tu utaenda kuwagongea milango, na hakikisha namba za mameneja wa ofisi hizo unazo na wakiona jina lako wanapokea.