Ukungu unakulaje bila mdomo?

Mdogo wangu, unauliza ukungu wa mkate unakulaje wakati hauna mdomo wala hausogei kama amiba, kile kiumbe kidogo cha seli moja. Swali zuri, wengi hukariri tu majina wakapita.

Amiba humfuata bakteria kwa kusukuma mwili mbele, kama mguu wa muda, akamzingira na kummeza mzima. Mmeng'enyo hufanyika ndani. Ukungu ni kinyume: humwaga nje vimeng'enya, yaani kemikali za kuvunja chakula, mkate ukayeyuka pale pale, ndipo nyuzi zake zinafyonza. Kusogea kwake ni kukua tu, uzi ukirefuka kuelekea penye chakula. Safari za mbali ni kazi ya spora, chembe zake ndogo za uzazi zinazopeperushwa na hewa. Vile vidoti vyeusi unavyoviona ni vifuko vya spora.

Kuzaana? Amiba hujigawa vipande viwili, basi. Hamira, ambayo nayo ni kuvu kama ukungu, huchipua kitoto ubavuni.

Usiishie kwenye daftari. Nyunyizia kipande cha mkate maji kidogo, kifunge kwenye mfuko unaopitisha mwanga, ukiangalie kila siku kwa wiki moja. Mfuko usiufungue kunusa, hasa kama una pumu. Ukimaliza, tupa ukiwa umefungwa hivyo hivyo.