Niliichagua Tanga kwa Excel, nikarudi Tabata kwa fuso

Juzi msomaji mmoja kanitumia meseji, "Kaka, Dar imenishinda, hebu nirushie ile Excel yako ya kuchagua mji wa kuhamia." Nikacheka, halafu nikanyamaza. Maana Excel ipo kweli, lakini nikikupa hivihivi bila stori yake nitakuwa nimekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mwanzoni mwa 2023 nilikuwa naishi hapahapa Tabata. Kazi yangu ni uhasibu, naifanya kwa laptopu, wateja hata hawajui nimekaa wapi, sasa foleni nakula ya nini? Matokeo ya sensa ya Agosti 2022 yalikuwa yameshatoka, nikashusha mapdf ya NBS, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu, nikakesha nayo wiki nzima, mke wangu akawa ananiangalia tu.

Miji mitatu ikabaki mezani: Morogoro, Iringa na Tanga. Kwenye Excel kila kigezo kikawa na safu yake na maksi zake, jumla mia. Nikaona Jiji la Tanga lilikuwa na watu 273,332 mwaka 2012 na mwaka 2022 wamefika 393,429, nikapiga hesabu nikapata kama asilimia 3.7 kwa mwaka, wakati nchi nzima ni 3.2 na Dar yenyewe 2.1. Nikajisemea watu hawakimbilii pabaya, nikaipa Tanga maksi zote za safu hiyo. Leo naona aibu kidogo. Ile namba haikwambii wangapi wamehamia na wangapi wamezaliwa palepale, na wala haikwambii waliohamia wamekuta nini. Hata hiyo 2.1 ya Dar ina utani wake, maana watu kibao wamejenga Kibaha na Mkuranga, sensa inawahesabu Pwani lakini ukiwauliza kwenye msiba watakwambia tunakaa Dar.

Maji niliyapa uzito mkubwa kuliko vyote, kwa sababu mimi nimekulia kwenye madumu. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, kila mwaka wanatoa ripoti ya mamlaka za maji, humo unakuta maji yanatoka saa ngapi kwa siku, wangapi wameunganishwa, na kiasi gani kinapotea njiani. Tanga ilikuwa inapendeza humo. Shule nikachukua matokeo ya mitihani ya taifa ya NECTA, shule moja moja. Hadi mafuta niliweka jamani, kwa sababu bei kikomo za kila mwezi, yaani bei ya juu ambayo kituo hakiruhusiwi kuipita, zinatofautiana kidogo kwa mafuta yanayoshushwa bandari ya Dar, Tanga na Mtwara, na mimi hata gari sina! Iringa ikafa kwa baridi, Morogoro ikapitwa kwa maksi mbili. Tanga ikashinda, nikajiona profesa.

Tukahama. Dalali katupatia nyumba nzuri, vigae chini, uzio, kodi ya miezi sita mkononi. Wiki mbili za mwanzo ilikuwa raha tupu, mtoto anajifunza baiskeli, jioni tunashuka Raskazone kupunga upepo, nikawa natuma picha kwenye grupu la familia kila siku kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Kumbe nyumba ina mita moja ya maji, wapangaji wanne, na koki kuu iko upande wa mama mwenye nyumba. Mmoja akichelewesha mchango wa bili, mama anafunga kwa wote. Sio kwamba mji hauna maji, maji yapo bwana, jirani wa ng'ambo anamwagilia maua na sisi tunapita na ndoo mbele yake. Nilikuwa na ripoti ya kurasa mia na kitu kwenye laptopu inayosema ukweli mtupu kuhusu maji ya jiji zima, na hakuna ukurasa hata mmoja unaomjua yule mama na koki yake.

Hilo tungelimaliza kwa kuhama nyumba. Lililotumaliza ni mama mkwe wangu, yuko Kigamboni, akaanza kuumwa. Mke wangu akawa mtu wa basi, anaondoka Ijumaa anarudi Jumatatu, siku nyingine harudi. Usiku mmoja ananikuta tena nimefungua ile Excel, najaribu kuona Morogoro ingekuwaje, akaniuliza taratibu kabisa, "Hivi kwenye hiyo karatasi yako, mama yangu ana maksi ngapi?" Kulikuwa na safu ya umbali kutoka Dar. Niliipa maksi tano kati ya mia. Sikumjibu, na mpaka leo sijamjibu.

Miezi tisa tu, fuso likapakia tukarudi. Shemeji yangu alitupokea kwa kile kisemo cha Tanga chenyewe, "waja leo waondoka leo," watu wote wakacheka na mimi nikacheka, ila liliniuma.

Sasa nisikilizeni, takwimu hazikunidanganya, na hapo sikubali hata mkinipigia kelele. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilipotoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, nilimwonyesha shemeji simu, nikamwambia unaona, niliwaona mapema. Mimi ndo niliziuliza maswali yasiyo yake. Kwa hiyo wewe ndugu yangu unayetaka kuhama, usisome jiji, soma kata. Pongwe na Ngamiani zote ni Jiji la Tanga, lakini maisha yake hayafanani, na sensa ina idadi ya watu mpaka ngazi ya kata, tena bure. Shule ikikuonyesha wastani mzuri angalia watahiniwa walikuwa wangapi, shule ya watoto ishirini waliochujwa ina haki gani ya kukuringia? Mfumuko wa bei wa NBS usiuweke kabisa kwenye kulinganisha miji, ule ni wa taifa zima, mimi niliuweka miji yote mitatu ikapata namba ileile nikaona eti wamelingana! Halafu soma kata, nimeshasema, na ukifika ulizia mita ya maji ni ya nani kabla hujamlipa dalali. Na hizo maksi msipange peke yenu wanaume, mnajifanya mna akili sana usiku wenzenu wamelala. Kaeni chini wote, mama, watoto, mpaka bibi apigiwe simu aseme lake.

Excel nitakutumia nikifika nyumbani, ile safu ya umbali nimeifuta namba utaijaza mwenyewe. Saa hizi niko kwenye daladala hapa Buguruni, dakika ya arobaini, na konda bado anaita abiria.