Maswali ya Wasomaji: Odysseus, shujaa au tapeli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilisoma Odyssey, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, nikampenda Odysseus kwa akili zake. Halafu chuoni tukapewa Philoctetes, tamthilia ya Sophocles, humo nikamkuta mwongo asiye na haya, anamfundisha kijana kumlaghai mgonjwa. Ni yuleyule, au majina tu yamefanana? Na huyo Ulysses ni nani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Tuanze na jepesi. Ulysses ni yeye huyohuyo: Wagiriki walimwita Odysseus, Warumi wakasema Ulixes, na Ulaya ya baadaye ikarithi la Warumi. Ni kama Abrahamu na Ibrahimu.

Na ndiyo, ni mtu yuleyule. Ujanja wake ni mmoja. Tofauti ni upande ambao msomaji anaketishwa. Homer anatuketisha na mjanja. Tumo naye pangoni mwa Polyphemus, jitu la jicho moja, ambalo limekwisha kula wenzake sita. Odysseus analilewesha mvinyo na kuliambia jina lake ni Outis, yaani Hakuna Mtu. Jitu likilala, wanalitoboa jicho kwa gogo la mzeituni lililochongwa likatiwa moto. Majirani wanakuja mbio: nani anakuua? Nalo kutoka ndani: "Hakuna Mtu anayeniua!" Basi wakaondoka zao. Niliwasimulia wajukuu kisa hiki, na wiki nzima kila kikombe kilichovunjika nyumbani kwangu kilivunjwa na Hakuna Mtu.

Hapo nani anauliza kama kudanganya ni vibaya? Ni sungura na fisi tu.

Sophocles, mwaka 409 KK, anatuhamishia kwa aliyedanganywa. Philoctetes, askari aliyekuwa safarini na Wagiriki wenzake kwenda kuuteka mji wa Troy, aliumwa na nyoka mguuni, kidonda kikaoza, na mayowe yake yakawavurugia wenzake ibada. Odysseus ndiye aliyemtelekeza kisiwani Lemnos, kwa amri ya wakubwa. Miaka kumi baadaye anarudi, si kwa huruma, bali kwa sababu bila upinde wa shujaa Heracles, alio nao mgonjwa, Troy haitekwi. Anamtanguliza kijana Neoptolemus. Kijana anachungulia pangoni: kitanda cha majani, kikombe cha mti kilichochongwa ovyo, na matambara yenye usaha yameanikwa juani. Ukishayaona matambara yale, ujanja unabadilika jina, ukawa utapeli.

Lakini usiseme Sophocles alimchukia Odysseus. Tafuta tamthilia yake nyingine, Ajax. Humo Ajax, shujaa wa Kigiriki aliyetaka kumuua Odysseus, amejiua mwenyewe, na Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, anakataza asizikwe. Anayesimama kumtetea maiti ni nani? Odysseus. Naona wanafunzi wengi huiruka tamthilia hii, kisha wanaandika insha wakimwita shetani.

Warumi nao walikuwa na kisa chao. Walijihesabu wajukuu wa Troy, mji ulioangushwa kwa farasi wa mbao aliyefichwa askari tumboni, na farasi huyo ni hila ya nani? Ndiyo maana Virgil, mshairi wao, anamtaja Odysseus kwa chuki. Mshairi Dante wa Italia, aliyefariki 1321, hakuwahi kumsoma Homer kwa Kigiriki. Alimpokea kupitia hao Warumi, akamtia Jehanamu ndani ya ulimi wa moto. Akamtungia na mwisho mpya: harudi nyumbani kwa mkewe Penelope, anawashawishi mabaharia wazee wavuke mlango wa bahari wa Gibraltar, na wote wanazama. Mshairi Tennyson wa Uingereza, karne ya 19, akamchukua mzee huyohuyo asiyetulia, safari hii akiwa amekwisha kufika nyumbani, akamfanya wa kupendeza. Mimi simuelewi mtu aliyehangaika miaka kumi kufika kwake halafu akachoka kukaa, ila mke wangu anasema nilivyostaafu nilikuwa hivyohivyo.

Ajax si ndefu, utaimaliza jioni moja. Ukiwa na haraka, soma mabishano ya mwishoni kuhusu maziko.