Unataka Farasi wa Mbio? Tafuta Watu Kwanza

Tangu nilipoweka picha ya Nan, farasi wa chama chetu, akiwa katika uwanja wa washindi pale Ffos Las, kiwanja cha mbio huku Wales, wiki iliyopita, simu yangu haijatulia. Pongezi nimepokea, nashukuru. Lakini ujumbe ulionikalisha kitako kuandika umetoka kwa kijana wa Mombasa anayeishi Reading. Yeye na wenzake wamekusanya fedha, wanataka kuingia katika mbio za farasi wa kuruka viunzi, na swali lake ni hili: "Kaka, tununue farasi wa aina gani?"

Najua wengi mnaosoma hapa mna hamu hiyo hiyo. Aliyewahi kusimama karibu na kiunzi cha mwisho siku ya matope, akasikia farasi kumi wanakuja kwa pamoja, hawezi kurudi nyumbani akasema haoni raha ya kuwa na wake mle. Basi nitawaeleza yangu yote, kila mtu achukue linalomfaa.

Mimi ni mtu wa Lamu. Nimekua na punda. Punda ndiye aliyebeba mawe ya nyumba yetu, na siku za Maulidi nilikuwa miongoni mwa watoto wanaopiga kelele ufukweni punda wakishindana. Farasi sikumjua. Nilipokuja kufanya kazi katika nyumba ya wazee huku mabonde ya kusini mwa Wales, wazee niliokuwa nikiwaogesha na kuwalisha walikuwa wachimba makaa wastaafu, na hadithi yao ilikuwa moja. Machimbo yalifungwa, lakini farasi mmoja wa maskini alitoka kwao akawanyamazisha matajiri.

Farasi huyo ni Dream Alliance. Huko Cefn Fforest, kijiji cha wachimba makaa, mama mmoja aitwaye Jan Vokes alikuwa akisafisha sakafu za duka kubwa na kuhudumu kwenye baa ya klabu ya wafanyakazi. Alishawahi kufuga njiwa wa mashindano na mbwa wa mbio. Siku moja akamsikia mteja, Howard Davies, mtu wa hesabu za kodi, akisimulia farasi aliyewahi kuwa na hisa naye, akaona na yeye anaweza. Pamoja na mumewe Brian alinunua farasi jike kwa pauni 350, Rewbell, ambaye hakuna aliyemtaka. Akampandisha kwa dume wa Kimarekani, Bien Bien. Mtoto akazaliwa mwaka 2001, miguu minne ina soksi nyeupe, akalelewa kwenye kishamba cha kukodi kijijini. Watu 23 wakakubaliana kutoa pauni 10 kila wiki.

Mkufunzi Philip Hobbs wa Somerset alimchukua. Novemba 2004 alikimbia mara ya kwanza pale Newbury akawa wa nne. Mwaka 2007 akawa wa pili katika mbio kubwa za Hennessy, nyuma ya Denman, farasi bingwa wa zama zile, na wanaojua mbio hizi wanajua kuwa wa pili kwa Denman si aibu. Mwaka 2008, Aintree, akajikata kano ya mguu wa mbele. Kwa farasi wengi hapo safari huishia. Chama kikaamua fedha alizozipata mwenyewe zimtibu, akatibiwa kwa seli shina, na Desemba 2009 pale Chepstow akashinda Welsh National, mbio kubwa za viunzi za Wales, joki Tom O'Brien mgongoni, wenye kukisia wakiwa wamempa ishirini kwa moja, yaani pauni moja ya dau inaleta faida ya ishirini, kwa kuwa wachache walidhani atashinda.

Wazee wangu walipokuwa wakinisimulia hayo walilia. Mmoja wao, aliyewahi kuwa mkusanya michango wa chama cha wafanyakazi machimboni, akaniuliza kwa nini sisi tusifanye. Ndiyo asili ya Nan.

Hapa nataka msome polepole, kwa sababu swali la kijana wa Reading limeanzia mwisho. Yule mzee hakutafuta farasi. Kwa majira mazima ya baridi alitafuta watu. Aliandika majina, akayafuta mengine. Alimkataa tajiri mmoja mwenye gereji aliyetaka hisa tano kwa mpigo, akisema mwenye hisa tano atataka kauli tano. Kila mtu hisa moja, kura moja, pauni 15 kwa wiki. Tulifika watu 32: wauguzi, dereva wa basi, wastaafu, mpishi wa shule, mkulima, na mimi Mswahili pekee. Tulikutana klabuni, wao wanakunywa vyao, mimi chai yangu, na hakuna aliyenisumbua. Kamari pia sichezi, na mwenye farasi halazimiki kuicheza. Wengi hunizulia hilo.

Katiba ikaandikwa kabla hatujamwona hata mnyama mmoja. Anayeacha kulipa anapewa muda, kisha hisa yake inarudi chamani. Anayetoka hadai michango ya nyuma. Anayekufa, hisa inakwenda kwa mrithi wake. Farasi hauzwi ila theluthi mbili waseme auzwe. Akiumia, matibabu kwanza, hesabu baadaye. Huku Uingereza chama cha namna hii lazima kisajiliwe kwa wasimamizi wa mbio, BHA, na awepo mtu mmoja anayewajibika kwa niaba ya wote. Tulimpa kazi hiyo mwalimu mstaafu wa hisabati, na mpaka leo kila mwezi anasoma mapato na matumizi kwa sauti, hata wiki ambayo hakuna kilichobadilika.

Ndipo akapatikana Nan. Mjomba wa mwenzangu wa kazini alikuwa naye mlimani pamoja na kondoo. Mama yake hakuwahi kushinda lolote, baba yake hatajwi na mtu katika mbio za viunzi, mwili mdogo, na mguu wa nyuma wa kushoto unapinda kidogo nje. Wakufunzi wawili walimtazama wakatupa anwani ya mtu wa kumfunza kazi ya kubeba watoto. Wa tatu akamtazama anavyopanda mlima bila kuambiwa, akasema mleteni.

Mafunzo sitayasimulia. Ni asubuhi za baridi, bili, na kungoja. Alianza katika zile mbio za tambarare ambazo farasi wa viunzi huzoeshwa umati, kisha akaingia viunzi vidogo, ambavyo havipungui mita 1.07, na sasa anaruka vile vikubwa vya mita 1.37 kwenda juu. Mwili wake mdogo ulitakiwa umwangushe pale. Badala yake akawa wa kupima hatua. Akikaribia hukusanya miguu mapema, hupita, huendelea. Farasi wengine warefu hurukia mbali wakachoka.

Siku moja akiwa amemaliza wa pili, mtu alitufuata maegeshoni na bei ambayo ingelipa michango yetu yote na chenji ikabaki. Tulikwenda klabuni. Kura ikapigwa. Wenye shida ya fedha kuliko wote, nakumbuka sura zao, ndio waliosema hauzwi. Yule mzee wa michango alikuwa tayari mgonjwa, aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akainua mkono. Alifariki kabla ya Nan kushinda. Hisa yake ni ya binti yake sasa, na katiba ndiyo iliyompa, bila ya mtu kugombana na mtu msibani.

Fikiria kama hatungekuwa na kile kifungu. Nimeona vyama vya Waswahili huku ughaibuni vikivunjika kwa kiwanja kisichofika robo ekari. Sembuse farasi anayepumua.

Sasa fedha, maana najua mnaisubiri. Pauni 15 kwa watu 32 ni karibu pauni 25,000 kwa mwaka. Mkufunzi, chakula, viatu, daktari, usafiri, ada za kuingia mbio, na joki ambaye kila apandapo analipwa zaidi ya pauni 200 hata akianguka kiunzi cha kwanza, vyote hivyo hula karibu kila kitu. Zawadi ya mshindi wiki iliyopita haikufika pauni 5,000, na humo mkufunzi, joki na watunzaji wa zizini wana fungu lao. Dream Alliance mwenyewe, pamoja na Welsh National, alipata pauni 138,646 katika maisha yake yote ya mbio, na gharama zilipotolewa kila mwanachama alipata pauni 1,430. Pauni 10 kwa wiki ni 520 kwa mwaka. Piga hesabu: hazifiki hata michango ya miaka mitatu.

Kwa hiyo ukija na fedha ya ada ya watoto, au ya mahari, au uliyokopa, usiingie. Toa fedha ambayo ukiitoa moyo wako hauifuati. Nalisema hili kwa sababu limenigharimu heshima mbele za watu. Katika mkutano wa jumuiya yetu pale Cardiff, mtu mzima alisimama akanitaja mbele ya mke wangu kuwa mimi natupa riziki ya wanangu kwa mnyama wa Wazungu. Watu walicheka. Sikupungukiwa hata mwezi mmoja kutuma Lamu nilichokuwa nikituma, na mke wangu alilijua hilo, lakini kile kicheko nakisikia mpaka leo. Wiki iliyopita mtu huyo huyo amenipigia anataka beji ya wenye farasi aje na wageni wake. Beji ni za wanachama na familia zao. Sikumpa.

Kuna na kiwanja kimoja, sitakitaja, ambako mlangoni pa wenye farasi niliulizwa beji, nikaionyesha, nikaulizwa tena niliipata wapi. Wenzangu wa klabuni waligeuka wote wakarudi nje wakasimama nami mpaka mkubwa wa pale alipokuja. Mpishi wa shule ndiye aliyesema maneno, na si ya kuandikwa hapa. Ndugu zangu, hao ndio watu wa kumiliki nao farasi. Siku ya kushinda kila mtu ni mwenzako. Mchague mtu kwa siku ambayo farasi ameanguka, yuko nyuma ya pazia la kijani wanalomzungushia farasi aliyeumia, daktari anakimbia, na nyote hamjui kama atainuka.

Na siku hiyo ipo. Mbio hizi zinaua farasi, nami siwezi kumshauri mtu aingie bila kumwambia. Nan alishaanguka mara moja akainuka. Usiku ule sikulala. Kama moyo wako hauwezi kubeba hilo, tazama mbio kwenye televisheni, wala hakuna atakayekulaumu.

Nimesikia pia kuna vijana wanauziwa vihisa vya farasi kupitia simu, maelfu ya watu katika farasi mmoja. Si lazima iwe hadaa; zipo kampuni halali na farasi wao hushinda. Lakini uliza: malipo yangu yanaishia lini, zawadi inagawanywa vipi, nani anaamua akimbie au apumzike, na farasi akistaafu anakwenda wapi. Wakikujibu kwa picha nzuri badala ya maandishi, ondoka. Kwangu mimi, usiyeweza kugonga mlango wake si mwenzako wa chama.

Watu husema farasi wa kijiji kushinda ni bahati tu. Sirrell Griffiths wa Nantgaredig alikuwa mfuga ng'ombe wa maziwa, na Machi 1990 farasi wake Norton's Coin, aliyemfunza mwenyewe, alishinda Cheltenham Gold Cup, moja ya mbio kubwa kabisa za viunzi, akiwa amepewa mia kwa moja, na Desert Orchid, farasi maarufu, nyuma yake wa tatu. Asubuhi ile Griffiths alikamua ng'ombe kwanza ndipo akasafiri. Ffos Las penyewe, Nan aliposhinda, ni kiwanja kilichofunguliwa mwaka 2009 juu ya shimo la machimbo ya makaa. Kwa hiyo mabonde haya hayaombi ruhusa ya mtu kuwa na farasi, na wewe Mswahili usiombe. Ingia kwa utaratibu, lipa kwa wakati, hudhuria vikao, mheshimu mtunza farasi kuliko unavyomheshimu mkufunzi, kwa sababu yeye ndiye anayejua mnyama ameamkaje. Chama kisicholipa kwa wakati hakina farasi, kina deni lenye miguu minne. Hudhuria vikao, narudia.

Sisi Alhamisi tuna kura nyingine. Mkufunzi anataka Nan aende Chepstow kabla ya Krismasi. Ardhi ya kule wakati huo hulowa, na umbali aliouchagua ni mrefu kuliko aliowahi kukimbia. Baadhi wanaona ni sasa au hakuna tena, wameshaanza kutafuta basi la kukodi. Mimi nitapiga kura ya hapana, apumzike mpaka Februari, na nikishindwa nitakwenda Chepstow kama wenzangu.

Kijana wa Reading, farasi wa aina gani nitakueleza, nina mengi ya kusema juu ya miguu na mabega. Ila nitumie kwanza majina ya wenzako na rasimu ya katiba yenu. Kifungu cha kifo na kifungu cha kuuza nitavisoma kabla ya vingine, na mpaka nikurudishie, msimpe muuza farasi hata pauni moja.