Kabla hujalipia hiyo mashine ya kupima pumzi za mtoto, nisome kwanza

Mdogo wangu mleta uzi, usilipie chochote leo. Umeandika kwamba mwanao ana wiki tatu, kwamba hulali usiku kwa kumchungulia kama anapumua, kwamba umemkatalia mama mkwe kumshika mtoto usiku, na kwamba ukienda kliniki utasema mambo yote ni salama ili wauguzi wasikuone umechanganyikiwa. Hilo la kulinda peke yako na kuficha ndilo lililokaribia kuniulia mtoto, na siwezi kulipita kimya.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilijiunga na kundi la WhatsApp la wazazi. Mwendeshaji wake alijiita mshauri wa malezi, ingawa baadaye niligundua kuwa kazi yake halisi ni kuuza nepi kwa jumla. Mama huyo alitushindilia ule msemo wa uchungu wa mwana aujuaye mzazi, akaugeuza kuwa amri ya kutomkabidhi mtoto mtu yeyote, na akatuaminisha kwamba kichanga akisita kupumua hata kidogo basi mauti yako mlangoni. Hakuwahi kutuambia kwamba kichanga hupumua kwa mafungu: huhema haraka haraka, husita sekunde tano hata kumi, kisha huendelea, na hali hiyo ni ya kawaida katika miezi ya mwanzo. Cha kukukimbiza hospitali ni kusita kwa sekunde 20 au zaidi, midomo kugeuka bluu, kifua kubonyea ndani sana kila avutapo pumzi, au pumzi kufikia 60 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia.

Kwa kuwa sikuyajua hayo, kila aliposita nilimtikisa, naye akaamka analia, nikamnyonyesha, akalala, nikaanza kuhesabu upya. Mume wangu aliomba ampokee, nikamjibu kwamba yeye hulala kama gogo. Nilikuwa na daftari la shule nililochora mistari ya pumzi usiku kucha kama mlinzi wa getini anayeandikisha magari. Cheka ukipenda, lakini mwandiko ulikuwa nadhifu. Alfajiri moja, nikiwa nanyonyesha kwenye kochi, usingizi ukanichukua. Adhana iliponishtua nilimkuta mtoto ameteleza, uso umezama kati ya ubavu wangu na mto wa kochi. Alikuwa mzima, ila mshono wa kitambaa cha mto ulikuwa umejichora kwenye paji la uso wake. Kusinzia na kichanga kwenye kochi ni hatari kuliko hata kulala naye kitandani, na aliyemfikisha pale hakuwa jirani mwenye kijicho. Ni mimi, mlinzi wake. Nilipoandika kundini yaliyonipata, yule mshauri aliniondoa bila hata pole.

Kwa hiyo usiku ugawanywe. Kuanzia saa tatu hadi saa saba mama mkwe au mumeo awe na mtoto, nawe uwe chumba kingine, mlango umefungwa. Kamua maziwa mapema, yahifadhiwe kwenye friji, naye amnyweshe kwa kikombe kidogo safi. Mpe sharti moja tu: mtoto alazwe chali, kwenye godoro lisilobonyea, bila mto wala blanketi zito. Usiku wa kwanza utalala macho ukisikiliza ukutani. Baki hapo hapo kitandani.

Ukipewa zamu yako ya kulala, mtoto amelala na mtu mzima anamwangalia, na wewe bado usingizi haukujii, hilo ndilo la kumwambia muuguzi. Machozi na hofu ndogo ndogo za siku za mwanzo kwa kawaida hupoa ndani ya wiki mbili, na wewe umezipita. Hutakuwa wa kwanza kumweleza: lipo dodoso la Edinburgh la kubaini sonona baada ya kujifungua, lenye maswali 10, linalotumiwa kwa wazazi tangu 1987, na swali lake mojawapo linahusu wasiwasi usio na sababu ya msingi. Hata picha mbaya zikikujia kichwani, za mtoto kudondoka, jua kwamba huwajia wazazi wengi wasiokuwa na nia yoyote ya kumdhuru. Kuna ushauri nasaha, na zipo dawa ambazo daktari anaweza kumwandikia anayenyonyesha. Ukianza kusikia sauti, au ukiona heri usiwepo, familia ikupeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Usisubiri miadi ya siku ya 42. Kesho chukua kadi ya mtoto, uende, na kabla hawajamweka kwenye mizani useme, "Dada, silali hata mtoto akilala." Hiyo fedha ya mashine mlipe binti wa kukufulia nepi, na usizinunue kwa yule mama.