Usiuze shamba kwa sababu ya ule wimbo

Mdogo wangu nimesikiliza voisi yako mara mbili. Unasema huko Tanga watu wanasema kaka anapiga kinanda kwenye wimbo unaopigwa redio za Marekani kwa hiyo anaogelea kwenye hela, na wewe unataka uuze kipande cha shamba la Muheza unifuate Chicago. Usiuze. Nakuomba sana usiuze.

Ule wimbo kweli nimepiga mimi, na ile ogani ya mwanzo inayowapendeza nyote niliitunga palepale studio saa saba usiku. Nikapewa dola 200, nikasaini karatasi sijaisoma hata nusu maana kodi ya chumba ilikuwa imeshachelewa, basi, ikaishia hapo. Huku redio ya kawaida ikipiga wimbo inamlipa mtunzi, aliyepiga chombo hapati hata senti, ndiyo sheria yao ilivyo. Na mimi kwenye utunzi jina langu halipo. Mkiusikia mnafurahi, mimi roho inaniuma.

Siyo mimi peke yangu. Matthew Fisher wa ile bendi ya Uingereza, Procol Harum, ile ogani ya A Whiter Shade of Pale ya mwaka 1967 ni yake, hawakumwandika mtunzi. Akafungua kesi 2005, akashinda, kwenye rufaa wakamnyima hela, mpaka 2009 ndiyo Malodi wa Uingereza, waliokuwa mahakama yao ya juu kabisa wakati ule, wakamrudishia fungu lake la asilimia 40, tena ya miaka ya nyuma kabla hajashtaki hakulipwa. Huyo alikuwa na wanasheria, mimi na wewe tunaye nani?

Kwa hiyo zile nyimbo zako kazisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, wiki hii. Mkitunga na wenzako, andikeni siku hiyohiyo nani anachukua ngapi, hata kama ni rafiki yako wa damu.

Usije. Ila sitakudanganya, muziki wa bluzi niliofundishwa na wazee wa huku, hata ule mkono wa kushoto wa kinanda peke yake, huko nyumbani nisingeupata. Ukija uje na viza ya kazi, ya utalii hapana, koti utalikuta kwangu.

Mwambie mama hela ya dawa itachelewa kidogo, sijamsahau hata siku moja. Jumamosi napiga kwenye harusi, nikilipwa natuma usiku huohuo.